Usitafsiri Kabla Hujachambua: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Hotuba za Kisiasa za Tamaduni Mbili

Kila msimu wa tasnifu hapa Arusha naletewa rasimu zinazofanana. Mada huwa nzuri: lugha ya siasa, hotuba ya Kiswahili na ya Kiingereza, au mkutano wa wazee wa Kimaasai na kikao cha bunge. Mwandishi amehangaika, amerekodi, amenakili. Ukifika sura ya nne unakuta ameitafsiri hotuba ya Kiswahili kwa Kiingereza, akaichambua hiyo tafsiri, kisha akatangaza kwamba tamaduni hizi mbili hutumia lugha ya siasa kwa namna moja. Zinafanana kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyezifananisha.

Nimerudia maelezo haya kwa mdomo mara nyingi mno, Arusha na Moshi, nikaona niyaandike yote mahali pamoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya nne, ya sita haitafanya kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hotuba mbili, kila moja katika lugha iliyotamkwa au kuandikwa mara ya kwanza. Dakika 10 hadi 15 kila moja zinatosha kabisa. Anayekusanya hotuba 20 huishia kuzisimulia tu.
- Simu yenye kinasa sauti na nafasi ya kutosha, pawabenki, na hedifoni za kuziba masikio.
- Daftari na kalamu za rangi nne.
- Kompyuta yenye programu ya majedwali, pamoja na AntConc, programu ya kutafuta na kuhesabu maneno katika maandishi, ambayo hupatikana bure na ikishapakuliwa haihitaji intaneti.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke kando hadi Hatua ya 9, kwa sababu ndiyo inayowaingiza wengi katika kosa nililolitaja.
- Wenyeji wawili wa kila lugha, watakaokubali kukaa nawe saa moja. Mmoja hatoshi, utaona sababu.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni.

## Hatua ya 1: Andika swali linalohusu kazi ya maneno

"Lugha ya siasa Tanzania na Marekani" ni kichwa cha habari. Bado si swali. Swali zuri huuliza maneno yanafanya kazi gani: msemaji anawafanyaje wasikilizaji wajione wamo? Anamlaumu mtu bila kumtaja kwa njia gani? Anaombaje kura bila kuonekana ombaomba?

Chagua moja tu.

Ukimsomea swali lako jirani asiyesoma isimu, naye akaweza kukutolea mfano kutoka mkutano aliowahi kuhudhuria, basi liko tayari. Akikuuliza "Una maana gani?", rudi mezani.

## Hatua ya 2: Tafuta jozi inayolingana

Hotuba ya kampeni kwenye Viwanja vya Mashujaa, Moshi, haiwezi kuwekwa kando ya hotuba ya Rais wa Marekani, John F. Kennedy, ya kuapishwa, 20 Januari 1961. Mgombea wa Moshi anaomba. Kennedy alikuwa amekwisha kupewa. Ukiziweka pamoja utagundua tofauti ya kuomba na kupokea, kisha utaiandika kana kwamba ni tofauti ya Waafrika na Wamarekani. Kampeni iende na kampeni, kiapo na kiapo, msiba na msiba, bajeti na bajeti.

Kwa anayeishi Arusha, hazina iko mlangoni. Bunge la Afrika Mashariki lina makao yake hapa, na kumbukumbu rasmi za mijadala yake zinasomeka. Makumbusho ya Azimio la Arusha nayo yako karibu na mnara ambao kila konda wa kifodi anaujua.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, anza na jozi ya mazoezi: maandishi yaleyale katika lugha mbili. Azimio la Arusha, lililotangazwa 5 Februari 1967, lipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nalitumia sana kwa sababu kila tofauti utakayoiona humo imetokana na lugha na mfasiri. Mada ni moja, chama ni kimoja.

## Hatua ya 3: Ruhusa na kurekodi

Ukienda kurekodi mwenyewe, barua ya chuo hupitia ofisi ya mkoa na wilaya ndipo ifike kwa mtendaji wa kata. Anza mapema. Wenyeji wako waeleze kazi yako na uwaombe idhini kabla ya kuwanasa sauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu sauti na majina utakayoyahifadhi. Mwanasiasa jukwaani anasema hadharani, lakini mama aliyesimama nyuma akinong'ona na shoga yake hasemi hadharani. Minong'ono yake usiinakili.

Siku ya mkutano usivae rangi ya chama chochote. Simama karibu na spika ya pembeni, usisimame mbele ya ile kubwa, maana sauti itapasuka na hutaweza kutenganisha irabu. Rekodi dakika tano kabla ya msemaji kupanda na dakika tano baada ya kushuka. Mimi nilipoteza mkutano mzima wa Moshi kwa kuanza kurekodi pale mgombea aliposema "Ndugu zangu". Kumbe dakika tatu kabla ya hapo mshereheshaji alikuwa amewapanga watu waitikie neno fulani, na hotuba nzima ilisimama juu ya kiitikio hicho.

Hatua imefanikiwa ukiweza kusikiliza rekodi nyumbani na kusikia maneno ya msemaji pamoja na majibu ya umati.

## Hatua ya 4: Nakili kila kitu, usimsafishie mtu Kiswahili

Dakika kumi za hotuba zitakula saa moja au zaidi. Vumilia. Nakili alichosema kama alivyosema: "nanii", "sawasawa", neno alilolianza akaliacha. Andika vituo kwa alama moja utakayoichagua, na majibu ya umati kwenye mabano ya mraba: [vigelegele], [makofi], [kimya], [kicheko].

Kimya kiandike kila kinapotokea. Nimeona wanafunzi wakihesabu makofi peke yake. Kuna mikutano ambamo sentensi nzito kuliko zote ilipokelewa kwa kimya, wazee wakiangalia chini.

Maneno ya lugha nyingine yatie rangi. Msemaji akianza na "Shimbonyi" akiwa Moshi au "Sopa" akiwa Monduli, kisha akaendelea na Kiswahili, rangi hiyo itakuonyesha kwa jicho moja wapi alihama na wapi alirudi. Na akisema Kichagga, uliza ni kipi. Cha Machame si cha Vunjo, wala si cha Rombo, na wasikilizaji wanajua papo hapo msemaji ni wa wapi.

Onyo: usitafsiri chochote sasa, hata kwenye ukingo wa daftari. Ukishaandika neno la Kiingereza pembeni, macho yako yatalisoma hilo.

## Hatua ya 5: Chora jukwaa

Nusu ukurasa inatosha. Nani alikuwepo, nani alitangulia kusema, msemaji alisimama au alikaa, alishika nini. Katika mkutano wa Kimaasai laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, husema akiwa na rungu lake mkononi, na rungu hilo ni sehemu ya maneno. Kwa Wachagga jani la isale linaweza kuomba msamaha ambao sentensi kumi zisingeufikia. Ukilinganisha mkutano wa namna hiyo na hotuba iliyosomwa kwenye karatasi mbele ya kamera, ukachukua maneno peke yake, upande mmoja umeukata mkono.

## Hatua ya 6: Chambua kila hotuba ndani ya lugha yake

Hapa ndipo kazi ilipo. Soma hotuba moja mara nne, kila mara ukitafuta jambo moja na kutumia rangi moja. Maliza hiyo kabisa ndipo ugeukie ya pili.

### Mzunguko wa kwanza: "sisi" ni nani?

Kosa la kawaida: mwanafunzi anahesabu "we" kwenye hotuba ya Kiingereza, anapata 40, anahesabu "sisi" kwenye ya Kiswahili, anapata 3, anaandika kwamba Mtanzania hatumii umoja katika siasa. Ameiacha "tu-" ya "tutajenga", "-tu-" ya "wametusahau", na "-etu" ya "nchi yetu". Umoja wa Kiswahili umejificha ndani ya kitenzi. "Sisi" ikisimama peke yake huwa inasisitiza au inatenga: sisi, si wao.

Angalia pia usihesabu "tu" yenye maana ya "pekee". Kaulimbiu ya mwaka 2015, "Hapa Kazi Tu", haina "sisi" hata moja.

Baada ya kupata orodha, uliza kila "tu-" inamkumbatia nani. "Tutaleta maji" ni serikali bila msikilizaji. "Tumechoka na vumbi" ni msemaji pamoja na msikilizaji. Umbo la Kiswahili ni moja kwa yote mawili, na wanasiasa hodari huteleza kutoka la pili hadi la kwanza ndani ya sentensi moja. Ukiona mtelezo huo, weka nyota.

### Mzunguko wa pili: nani katenda?

Kiswahili kina milango miwili ya kumficha mtenda, na huwezi kuiona ukiwa ndani ya tafsiri. Mlango wa kwanza ni kutendwa: "fedha zililiwa". Hapo bado unaweza kuuliza "na nani?". Wa pili ni kutendeka: "makosa yalifanyika", "barabara imeharibika". Jaribu kuongeza "na mkandarasi" baada ya "imeharibika", uone sentensi inavyokataa. Kiingereza kingekulazimisha kuchagua umbo jingine. Kiswahili kinampa msemaji mlango uliokwisha kufungwa kwa ndani.

Sasa chukua sentensi inayojulikana zaidi katika Azimio:

"Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha."

Vitenzi vitatu, vyote vya kutendwa, na mtenda hatajwi hata mara moja. Msikilizaji wa 1967 hakuhitaji kutajiwa. Kisha maandishi yanamtaja msababishi, na msababishi huyo ni "unyonge wetu". Lawama imehama kutoka kwa mtu wa nje asiyetajwa hadi kwa hali yetu wenyewe, na mapinduzi yanayodaiwa ni ya kuondoa unyonge. Ndiyo maana maneno yanayofuata yanaweza kudai kujitegemea.

Fungua tafsiri ya Kiingereza sasa, kwa mara hii moja, kwa kuwa ni zoezi. "Kiasi cha kutosha" imekuwa "a great deal", yaani sana. Lakini kutosha si sana. Kutosha kuna mpaka. Anayesema yametosha anasimamisha jambo. Mwishoni Kiswahili kinarudia vitenzi vilevile kwa mpangilio uleule: tusionewe tena, tusinyonywe tena, tusipuuzwe tena. Kiingereza kimeugeuza mpangilio na cha mwisho kimekuwa "humiliated", kudhalilishwa, badala ya kupuuzwa. Pigo tatu zilizorudi mara mbili kama ngoma zimebaki orodha. Anayechambua Kiingereza hicho ataandika kwamba Azimio halina mapigo, naye atakuwa mkweli kuhusu karatasi aliyoisoma.

### Mzunguko wa tatu: picha

Tafuta kila neno linalosimama mahali pa jingine. "Kunyonya" ni kazi ya mtoto kwenye ziwa la mama, na ya kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Miaka ya Ujamaa iliitumia picha hiyo hadi ikazaa jamaa nzima: mnyonyaji, kupe, mirija ya kukatwa. Kwa mfugaji wa Longido, kupe ana uzito ambao mkazi wa ghorofani huusikia kwa mbali. "Exploited" haina damu wala maziwa.

Usitafute picha zilizo wazi tu. "Mgombea" anatokana na kugombea, hivyo neno lenyewe limebeba mvutano. "Mwananchi" ana "mwana" ndani yake, na mwana ana haki na wajibu nyumbani. Msemaji akichagua "mwananchi" mahali fulani na "raia" mahali pengine, andika wapi na wapi.

Kwa watu wa Moshi nina mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alisema kwa Kiingereza kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha "candle", mshumaa, na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro. Kwa Kiswahili sote tunaujua kama mwenge. Mfano huu unabisha hodi kwenye kila kosa la kazi hii. Mshumaa, katika Kiingereza cha wakati ule na hasa katika masikio ya Mkristo, ni nuru ya sala, ndogo na nyenyekevu. Na wengi husikia katika maneno yaliyofuata, matumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki, mwangwi wa sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwenge ni wa mtu aliye safarini usiku, hushikwa juu ili wengine wafuate. Upepo wa Kibo ungeuzima mshumaa. Mwenge unapambana nao.

Je, ni hotuba moja au mbili? Kwa anayechambua lugha, ni mbili, na kila moja ina wasikilizaji wake. Anayeuchambua "mwenge" na kusema "Nyerere alichagua picha hii mbele ya Baraza mwaka 1959" amekosea mahali na lugha, hata kama amempenda Mwalimu kwa moyo wote.

### Mzunguko wa nne: salamu, vyeo na ngeli

Wanafunzi hukata salamu wakiziona ni utangulizi usio na maana. Salamu ni siasa kamili. Mwanasiasa wetu husalimia kwa "Asalaam aleikum", kisha "Bwana Yesu asifiwe", kisha "Tumsifu Yesu Kristo", na kwa dakika moja amejenga nchi ya dini zote kabla ya kutaja sera. Akisema "itifaki imezingatiwa" amewaheshimu wakubwa wote kwa kutowataja. Kennedy alifanya kinyume siku ile ya kiapo: alitaja kwa majina na vyeo, akiwemo mpinzani wake Nixon, ambaye yeye Kennedy alikuwa amemshinda kwenye uchaguzi miezi michache tu iliyopita. Kumtaja kulikuwa na kazi: mshindwa amesimama hapa, madaraka yamekabidhiwa salama. Hiyo ndiyo aina ya tofauti inayofaa kuandikwa, maana pande zote mbili zinatoa heshima, kila moja kwa mlango wake.

Angalia pia "ndugu" na "mheshimiwa". Zama za chama kimoja "ndugu" lilikuwa neno la itikadi, likisawazisha waziri na mkulima. Leo anayelichagua bungeni mahali pa "mheshimiwa" anasema kitu.

Mwisho, ngeli. "Wezi" ni watu. "Majizi" wamekuzwa hadi kuchukiza. "Vijitu" wamepunguzwa hadi kudharaulika. Msemaji anaweza kumtoa mtu katika utu kwa silabi moja, na hakuna neno la Kiingereza litakaloonyesha pale kisu kilipopita.

## Hatua ya 7: Hesabu, lakini kwa mzizi

Kwenye AntConc usitafute neno zima. Andika *nyony* ukiweka nyota pande zote mbili, upate tumenyonywa, wanyonyaji, unyonyaji kwa pamoja. Kisha pitia orodha kwa macho uondoe yasiyohusika.

Usilinganishe idadi kwa kila maneno elfu kati ya Kiswahili na Kiingereza. "Tumenyonywa" ni neno moja. "We have been exploited" ni manne. Vipimo haviko sawa. Linganisha kwa dakika ya hotuba, au kwa idadi ya sentensi.

## Hatua ya 8: Wapelekee wenyeji

Soma kipande kwa sauti kwa mwenyeji wa kwanza, kisha kwa wa pili, kila mmoja peke yake. Uliza: "Hapa alikuwa anamwambia nani? Ungekuwepo ungejisikiaje?" Usiulize "neno hili lina maana gani?", kwa sababu utapewa maana ya kamusi. Tafuta mwenyeji mmoja mtu mzima na mwingine kijana. Wakipishana, usichague mshindi. Mpishano wao ni data, tena mara nyingi ndiyo bora uliyo nayo.

Anayeona hatua hii ni ya hiari, na akumbuke kilichofanyika katika mji huu huu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha, na katika hukumu ya mshtakiwa Jean-Paul Akayesu ya 2 Septemba 1998 majaji walilazimika kutua kwenye maneno machache ya Kinyarwanda. Waliitisha mtaalamu wa isimu aeleze "inyenzi" na "inkotanyi" yalibeba nini, wakati gani, kinywani mwa nani. Kwa kamusi "inyenzi" ni mende. Lilikwisha kutumika kuwaita wapiganaji wakimbizi wa miaka ya 1960, na kufikia 1994 lilikuwa limekaa juu ya Watutsi. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, maneno yakapita Kifaransa kwanza, kisha Kiingereza, na mahakama ikaandika wazi ugumu huo ndani ya hukumu yake. Watu walikuwa wamekufa, na maana ya neno moja ilikuwa sehemu ya ushahidi. Mahakama ilisimama kuwauliza wenye lugha. Na sisi tusimame.

Hukumu hiyo inasomeka kwenye intaneti. Sehemu inayohusu maneno isome kabla hujaenda kwa wenyeji wako. Ni somo la njia lililo bora kuliko mengi yafundishwayo darasani.

## Hatua ya 9: Sasa tafsiri, kwa mistari mitatu

Chukua mifano sita hadi kumi tu, ile yenye nyota. Kila mmoja uandike hivi: mstari wa kwanza, maneno asilia, wa pili, neno limekatwa vipande na kila kipande kimeelezwa, wa tatu, tafsiri inayosomeka.

tumenyonywa
tu- (sisi) – -me- (hali timilifu) – -nyony- (nyonya) – -w- (kutendwa) – -a (kiishio)
tafsiri yako inayosomeka

Mstari wa pili ndio unaomwonyesha msahihishaji asiyejua Kiswahili kwamba "sisi" ipo na mtenda hayupo.

Ukikuta jambo lisilotafsirika, usilazimishe. Rais wa Marekani Abraham Lincoln, 19 Novemba 1863 pale Gettysburg, alianza kwa kuhesabu miaka 87 kwa ishirini-ishirini, "four score and seven". Ni namna ya kale inayomkumbusha msikilizaji Zaburi ya 90 katika Biblia ya Kiingereza. Biblia yetu inasema "miaka sabini" wazi, hivyo "miaka themanini na saba" haiamshi kitu sikioni mwa Mswahili. Andika hivyohivyo: mwangwi umebaki ng'ambo, na sababu yake ni hii.

## Hatua ya 10: Linganisha kazi, kisha andika

Chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza ni kazi: kujumuisha, kuficha mtenda, kuheshimu, kudharau, kuahidi. Ya pili ni njia ya hotuba A, ya tatu njia ya hotuba B. Safu ya kwanza isiwe na jina la umbo la lugha. Ukiandika "matumizi ya viwakilishi" umerudi kule kwenye kuhesabu "sisi".

Visanduku vitupu viache vitupu. Kisanduku kitupu kinakuuliza: je, utamaduni huu hauifanyi kazi hii, au unaifanya kwa rungu, kwa isale, kwa kimya? Rudi kwenye mchoro wa Hatua ya 5 kabla hujajibu.

Unapoandika, kila dai lifuatwe na mstari wa hotuba. Kama sio mstari, basi kauli ya mwenyeji. Hapohapo. Usiandike "Watanzania husema". Andika "msemaji huyu, mbele ya watu hawa". Hotuba mbili haziwezi kubeba mataifa mawili mgongoni. Na sifa au hasira zako kuhusu mwanasiasa mwenyewe ziweke nje. Msomaji wa CCM na wa Chadema wote wawili waweze kuisoma sura ya nne bila kujua wewe unampigia nani kura.

Kabla hujampelekea msimamizi, fanya jaribio moja. Futa tafsiri zote za Kiingereza kwenye nakala ya pembeni, kisha soma hoja zako upya. Kila hoja inayoanguka tafsiri ikiondoka ilikuwa hoja kuhusu Kiingereza. Ing'oe, au urudi nayo Hatua ya 6.